Futikamba Kichwani

Kabla mashine haijawashwa, inatoka futikamba. Ni ileile laini ya mafundi cherehani, sentimita upande huu, inchi upande wa pili, na ndani ya chumba cha kupimia umeme wa ubongo ndicho kifaa cha bei ya chini kuliko vyote. Ndicho pia kinachomtoa jasho mwanafunzi. Ncha moja inakaa kwenye kibonde kilicho juu ya pua, kati ya macho. Utepe unapita juu ya utosi hadi kwenye kinundu cha mfupa kilicho nyuma ya kichwa, ambacho kila mmoja wetu anaweza kukipapasa kwa kidole juu kidogo ya shingo. Tuseme urefu umetoka sentimita 36. Mwanafunzi anapiga hesabu: asilimia 10 ni 3.6, asilimia 20 ni 7.2. Anatia alama ya kwanza kwenye paji la uso, sentimita 3.6 kutoka kibondeni, kisha anapanda kwa hatua za 7.2 hadi utosini, ambako utepe lazima usome 18. Halafu anapima upya, safari hii kutoka sikio hadi sikio. Mistari hii miwili isipokatana palepale utosini, anafuta alama zote na kuanza tena, na mwalimu aliyesimama pembeni hasemi neno.

Mpangilio huo wenyewe wanauita kumi-ishirini. Ulitangazwa mwaka 1958 na Herbert Jasper wa Montreal, Kanada, na akili yake yote iko kwenye asilimia. Angesema "sentimita saba", mtoto wa darasa la pili kule Namtumbo angewekewa elektrodi, kile kidude cha kunasa umeme wa ubongo, mahali tofauti kabisa na baba yake. Kwa asilimia, kila kichwa kinajipimia chenyewe. Namba witiri zinakaa kushoto, namba shufwa kulia, na herufi z inashika mstari wa kati. Kipimo kilichofanyika Dar es Salaam kinaweza kusomwa Nairobi au Muscat na mtu ambaye hajamwona mgonjwa, naye akajua wimbi lenye hitilafu limetoka juu ya sikio lipi.

Baada ya alama inafuata ngozi. Kila mahali penye alama panasuguliwa kwa pamba yenye jeli ya chengachenga, kiasi cha kuondoa mafuta na ngozi mfu bila kumchubua mtu. Ukisugua kidogo mno, umeme haupiti. Ukizidisha, mtoto analia, na mtoto anayelia hapimiki. Umeme unaotafutwa ni mdogo kiasi cha kuchekesha. Mawimbi ya ubongo yanayofika juu ya ngozi ya kichwa huwa kati ya mikrovolti 10 na 100. Betri ya redio ya volti 1.5 inazidi wimbi la mikrovolti 50 mara 30,000. Ndiyo maana Hans Berger wa Jena, Ujerumani, aliyerekodi mawimbi hayo kwa mara ya kwanza kwa binadamu mwaka 1924 na kuyachapisha mwaka 1929, hakuaminiwa na wenzake kwa miaka kadhaa. Walidhani anarekodi kelele.

Na kelele zipo kweli. Kope ikipepesa, kalamu inaruka. Mtu akiuma meno, akimeza mate, akitokwa jasho, karatasi inajaa milima. Nyaya za ukutani nazo zinavuma kwa hertz 50, na kwa hilo shirika la umeme, TANESCO, halichagui: tangu mji wetu wa Songea uunganishwe na gridi ya taifa mwaka 2018, mvumo wetu na wa Dar es Salaam ni mmoja. Anayejifunza kazi hii hutumia miezi yake ya kwanza akijifunza vitu visivyo ubongo, kimoja kimoja, hadi akivitazama anavitambua kama anavyowatambua majirani. Hapo ndipo anaruhusiwa kusema "hiki ni kifafa."

Nimekaa sana kwenye futikamba kwa makusudi. Watu wakisikia utafiti wa ubongo wanawaza jengo la vioo, nchi ya mbali, na kijana mwenye miwani mbele ya kompyuta. Ninachokisifu mimi hakipigiwi picha: kuwachukua vijana wenye shahada za kwanza za fani zisizosalimiana, huyu mhandisi wa vifaa tiba, huyu daktari wa binadamu, huyu wa mifugo, huyu wa hisabati, na kuwalea mpaka kila mmoja awe na mikono ya kuaminika kwenye kazi ya mwenzake. Huo ni ufundi kamili. Una mafundi wake, na baadhi yao wamefanya kazi karibu na Songea kuliko wasomaji wengi wanavyodhani.

Tuanze na nguruwe. Mkoa wa Ruvuma unafuga nguruwe na unawala. Sina haja ya kumweleza mtu wa Songea kitimoto ni nini. Tegu wa nguruwe ana safari yenye kona. Anayekula nyama isiyoiva yenye vifuko vya mnyoo anapata tegu tumboni. Tegu hutaga mayai, mayai hutoka na kinyesi, na nguruwe anayezurura akila kinyesi hicho vifuko vinaota kwenye nyama yake. Kona yenyewe ni hii: binadamu akimeza mayai hayo, kwa mkono usionawa au mboga isiyooshwa vizuri, vifuko vinaota ndani yake pia, na mahali vinapopenda ni ubongoni. Kwa hiyo kitimoto chenyewe hakikupi vifuko vya ubongo. Unavipata kutokana na choo cha mwenye tegu, na anayevipata anaweza kuwa jirani asiyekula nguruwe maisha yake yote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mahali ugonjwa huu ulipozoeleka, hadi asilimia 30 ya kifafa inaweza kutokana nao.

Mwaka 2017 jarida la kisayansi la Parasite Epidemiology and Control lilichapisha uchunguzi wa nguruwe wa wilaya ya Nyasa, hapa mkoani, uliofanywa na watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na Chuo Kikuu cha Zambia. Nguruwe anachunguzwaje? Damu huenda maabara, lakini kazi ya zizini huanza na ulimi. Mtu mmoja anamfunga kamba taya la juu na kuivuta mbele. Nguruwe, kwa tabia yake, anavuta nyuma, na hiyo ndiyo inayomtuliza mahali pamoja. Kijiti kinapita mdomoni kumuachamisha. Wa pili anaukamata ulimi kwa kitambaa, kwa kuwa mkono mtupu unateleza, anauvuta nje na kuugeuza, kisha anapitisha vidole taratibu upande wa chini akitafuta vinundu vidogo vyeupe. Kelele zinazotoka hapo zinasikika kijiji kizima. Wanunuzi wa nguruwe wanaijua mbinu hii bila kwenda chuo, wanakagua ulimi kabla ya kutoa hela. Kasoro yake inajulikana: ukikuta vinundu, ugonjwa upo, usipovikuta, hujathibitisha kwamba haupo.

Sasa mchukue mwanafunzi wa uzamivu aliyesomea picha za ubongo. Amezoea kukaa mbele ya CT-Scan akitafuta nukta nyeupe za chokaa mahali mnyoo alipofia, au kifuko chenye kidoa ndani yake, kichwa cha mnyoo chenyewe, ambacho kikionekana hakuna tena ubishi. Picha hizo ana uhakika nazo. Lakini asiposhika ulimi wa nguruwe hata mara moja, hatajua maswali ya kumuuliza mgonjwa. Atauliza "unakula nyama ya nguruwe?" na kuandika "hapana", wakati swali lilikuwa choo kiko wapi na kisima kiko wapi.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, huko Mbulu, ilionyesha mapema thamani ya kuunganisha macho ya namna hii. Andrea Winkler, daktari wa neva kutoka Ujerumani, na wenzake walipiga CT-Scan wagonjwa 212 wa kifafa, wakachapisha mwaka 2009: wagonjwa 38 walikuwa na alama zinazoelekeza kwa mnyoo huyo. Palepale Mbulu, Helena Ngowi wa Sokoine, mtaalamu upande wa mifugo, alikuwa ameshafanya jaribio la elimu ya afya kwa wafugaji na kuchapisha matokeo mwaka 2008. Nguruwe wapya walioambukizwa walipungua, ingawa namna ya kufuga haikubadilika sana. Matokeo hayo ya Ngowi nayapenda kwa ukweli wake. Mwenye haraka ya kujisifu angeandika nusu ya kwanza tu.

Miaka ya 2010 mikono hii miwili, ya mifugo na ya neva, iliwekwa kwenye mpango mmoja, CYSTINET-Africa, kwa fedha za serikali ya Ujerumani, ukiunganisha Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich na taasisi za Tanzania, Zambia na Msumbiji. Kwetu walikuwemo Sokoine na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Utafiti ulikwenda sambamba na kusomesha: vijana wa uzamili na uzamivu walisajiliwa katika vyuo vya huku na kufanya kazi zao katika vijiji vya huku. Faida ya kuwaweka chini ya paa moja inaonekana ukifikiria dawa ya kichocho. Praziquantel tunawagawia watoto wa shule mwambao wa Ziwa Nyasa, na ni dawa njema. Lakini inafika ubongoni, na mtoto mwenye vifuko vilivyolala humo anaweza kuamshiwa degedege. Daktari wa kichocho asiyezungumza na daktari wa nguruwe hawezi kulijua hilo, na anayeumia ni mwanafunzi wa darasa la nne.

Kaskazini yetu, ng'ambo ya misitu, iko Mahenge. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari kijana wa Kinorwei, Louise Jilek-Aall, alifungua kliniki ya kifafa miongoni mwa Wapogoro. Wagonjwa walikuwa wakifichwa vibandani, na makovu ya moto yalikuwa kitambulisho chao, maana kifafa kikimkuta mtu jikoni kinamwangusha kwenye mafiga na waliopo wanaogopa kumshika wasiguse mate yake. Aliwapa vidonge vya phenobarbital, na pamoja na vidonge aliandika. Aliandika kuhusu watoto waliokuwa wakitikisa kichwa mbele-nyuma kama wanaosinzia, jambo ambalo vitabu vyake vya udaktari havikuwa nalo. Angeweza kuliita kifafa cha kawaida na kuendelea na foleni. Foleni ilikuwa ndefu. Baadaye alikwenda Kanada, akasomea magonjwa ya akili na anthropolojia, na akawa anarudi Mahenge na kuiandika tena kwa macho mapya. Leo, ugonjwa wa kutikisa kichwa unaposomwa Uganda na Sudan Kusini, maelezo yake ya Mahenge ndiyo yanayotajwa kama kumbukumbu za kwanza kabisa. Winkler naye alifika huko, akawaeleza wagonjwa 62 wa aina hiyo katika jarida la Epilepsia mwaka 2008.

Ninachomstahia Mama huyu ni kwamba alikuwa peke yake kile ambacho vyuo leo vinajaribu kukijenga kwa kamati. Tabibu, daktari wa akili na mwanaanthropolojia walikaa kwenye kiti kimoja, wakitumia daftari moja.

Mahenge ina usubi, na usubi ndio unaoshukiwa zaidi kuleta kifafa hicho. Inzi wadogo weusi wa kwenye maporomoko ya mito wanasambaza mnyoo, na vijiji vyenye usubi mwingi vimeonekana kuwa na kifafa kingi. NIMR na Chuo Kikuu cha Muhimbili, pamoja na Wabelgiji wa Antwerp, walihesabu kifafa nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Mahenge, na ripoti yao ya mwaka 2018 ilisema kilikuwa bado juu hata baada ya miaka 20 ya kugawa dawa ya usubi, ivermectin. Mnyoo huo unaletaje kifafa hasa? Wataalamu bado wanabishana. Ruvuma ni miongoni mwa kanda za usubi nchini, na watu wa vijiji vyetu wamezoea kusimamishwa na mgawa dawa pembeni ya fimbo yenye alama, ili urefu wa mtu uamue idadi ya vidonge. Hicho nacho ni kipimo cha utepe, tena cha busara, kwa mahali pasipo na mizani.

Kwenye usubi ufundi unaanzia mtoni. Mtu anakaa kwenye jiwe, suruali imekunjwa hadi gotini, na inzi akitua mguuni anamnasa kwa kijibomba kabla hajauma. Saa nzima anaweza kupata wachache tu. Jioni inzi wanachanwa chini ya hadubini kwa sindano mbili nyembamba, moja inashika, nyingine inavuta: kwanza tumbo, kuona kama jike huyo amewahi kutaga, maana asiyewahi kutaga hajawahi kunywa damu ya mtu na hana anachobeba; kisha kichwa, kinachotenganishwa na kiwiliwili ili kutafuta lava waliokomaa. Mhandisi wa ubongo anafanya nini hapo? Anajifunza kwamba tarakimu moja kwenye jedwali lake, "inzi wenye maambukizi", imebeba mgongo wa mtu uliokunjwa siku kutwa. Akishalijua hilo hatafuta safu ya data kwa sababu tu inaharibu mchoro wake.

Afrika Mashariki imekuwa pia na shule ambazo zilipanga kuchanganya fani tangu siku ya kwanza. Mwaka 2011, katika kampasi ya magharibi ya Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, mjini Ishaka, Uganda, Sadiq Yusuf, Lucia Prieto-Godino na Tom Baden walianzisha kozi ya sayansi ya neva kwa kutumia inzi wa matunda. Kutokana nayo likazaliwa shirika la TReND in Africa. Uchaguzi wa inzi ulikuwa wa kifundi. Panya anahitaji nyumba, chakula na mtu wa kumlinda wikiendi. Inzi anataka ndizi iliyoiva na chupa. Kizazi kinageuka kwa siku kumi hivi, umeme ukikatika hafi, na ubongo wake wenye seli za neva 140,000 hivi unatosha kumfanya aruke, atongoze, asinzie na akumbuke harufu iliyomponza. Ramani nzima ya ubongo huo, seli kwa seli, ilikamilishwa mwaka 2024. Wetu una seli bilioni 86. Atakayeanza nao atazeeka kabla ya swali la kwanza.

Jambo la pili lililofanywa na watu hao ndilo ninaloona kubwa zaidi. Walifundisha kutengeneza vifaa. Mwaka 2015 Baden na wenzake walichapisha katika PLoS Biology makala kuhusu kujichapishia vifaa vya maabara kwa printa ya 3D: pipeti, vishikio, hata kifaa cha kusogeza sindano kwa vipimo visivyoonekana kwa macho, ambacho kikinunuliwa dukani bei yake inashinda ya pikipiki. Miongoni mwa waandishi walikuwemo Greg Gage na Tim Marzullo, walioanzisha Backyard Brains huko Michigan, Marekani, na ambao kisanduku chao kidogo kinamruhusu hata mwanafunzi wa sekondari kusikia neva. Mende anatiwa ganzi kwenye maji ya barafu, mguu mmoja unatolewa, pini mbili zinachomekwa, waya unaingia kwenye spika. Ukipuliza vinywele vya mguu ule, spika inalipuka kama bisi kwenye sufuria. Kila mlio ni seli moja ya neva iliyofyatua. Mwanafunzi akishausikia mlio ule, kisha akaambiwa afungue kisanduku, aone kikuza ishara kilivyochomelewa kwa risasi, na akikute kimeharibiwa kwa makusudi ili akitengeneze, hapo ndipo mhandisi na mwanabiolojia wanapoacha kuitana majina.

Nchi yetu ina hospitali nyingi zenye mashine za msaada zilizofunikwa shuka, zinasubiri fundi kutoka ng'ambo na kipuri cha shilingi elfu chache. Kwa hiyo swali la nani anaweza kufungua kisanduku si la anasa. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam inafundisha uhandisi wa vifaa tiba, na Carnegie Mellon ya Marekani ina kampasi ya uhandisi Kigali tangu mwaka 2011. Mafundi wanaandaliwa. Wanachokosa wengi wao ni mwaka mmoja wa kukaa wodini, wamwone mama akieleza kwa mikono yake jinsi mtoto anavyoanguka.

Kabla sijasahau, kuna suala la nywele, na wasomaji wa kike wataniunga mkono. Elektrodi za kawaida zinataka ngozi. Nywele zilizosukwa zinazinyima ngozi, na kwa miongo mingi jawabu la maabara za Ulaya na Marekani lilikuwa kumwambia mwenye nywele za kipilipili afumue, au kumwacha nje ya utafiti kimyakimya. Arnelle Etienne, akiwa mwanafunzi wa Carnegie Mellon huko Pittsburgh, akishirikiana na Profesa Pulkit Grover na wenzao, alitoa mwaka 2020 muundo mwingine: mteja anasukwa mistari inayofuata alama za kumi-ishirini, na kibanio chenye elektrodi kinajishikiza chini ya misuko miwili ya jirani, kikibana ngozi iliyo wazi katikati. Yaani twende kilioni! Msusi yeyote wa Bombambili, hapa Songea, angeweza kuwaambia kwamba msuko unashika kuliko gundi, lakini ilibidi apatikane mwanafunzi aliyekuwa na kichwa hicho na uhandisi huo kwa pamoja. Sioni hoja bora zaidi ya kuchanganya watu katika maabara. Wala haitoshi kuchanganya vyeti; kichwani mwa Etienne palikuwa na jambo lisilo na cheti.

Sasa narudi kwa futikamba, maana hapa Songea haiwezi kuachwa na sifa tu. Kile kibonde cha juu ya pua na kile kinundu cha kisogo havikuvumbuliwa na Jasper. Wapima mafuvu wa Ulaya wa karne ya 19 walivitumia vilevile, kwa utepe na kwa bikari, wakitafuta kuthibitisha kwamba vichwa vya watu fulani vina thamani pungufu. Kila tarehe 27 Februari mji wetu unawakumbuka mashujaa wa vita vya Majimaji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Nduna Songea Mbano, mwenye jina la mji huu, alinyongwa mwaka huohuo, na familia yake inaamini kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Berlin ilikuwa na wakusanyaji wake, Felix von Luschan akiwa maarufu kuliko wote, na mwaka 2023 taasisi ya urithi wa utamaduni inayotunza mkusanyiko huo ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu yapatayo 1,100 ya Afrika Mashariki, kiasi cha 200 kati yake yakiwa ya Tanzania. Kwa vinasaba, ndugu walio hai wa watu watatu walipatikana nchini. Tarehe 1 Novemba mwaka huohuo Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikuja Makumbusho ya Majimaji hapa Songea, akaomba radhi, akaahidi mbele ya ukoo wa Mbano kwamba kichwa cha nduna kitatafutwa.

Chombo, basi, ni kilekile, alama ni zilezile, na hata nchi inayotoa fedha ni ileile. Ndiyo sababu naona malezi ya mtafiti wa ubongo hayawezi kuishia kwenye hisabati na neva, hasa kwa atakayefanya kazi mkoa huu. Historia ya mafuvu inapaswa kuwa somo la lazima, la kutahiniwa, kwa mhandisi sawa na kwa daktari. Wapo watakaosema ni siasa. Mimi naiita sehemu ya kazi, sawa na kujua kwamba kope inayopepesa si kifafa.

Tofauti ya futikamba ile na hii inaonekana katika dakika tano za kwanza, na fundi aliyefundwa anazifanya hivi. Anaingia, anasalimu: "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu." Anakaa, kwenye kiti cha chini kuliko cha bibi kama kipo. Anaitoa futikamba na kumpa bibi aishike. Anamwonyesha elektrodi kwenye mkono wake mwenyewe. Anamweleza kwamba waya haupeleki umeme kichwani, unasikiliza tu ulioko. Kisha anasema, "Bibi, naomba ruhusa nikushike kichwa," na ananyamaza mpaka ajibiwe. Bibi akisema subiri mwanangu arudi kutoka shamba, anasubiri. Nimeona wasomi ambao kipande hicho cha kazi wanamwachia mkalimani, wao wakiwa wanachaji kompyuta. Tasnifu zao zinaweza kupita. Kwangu mimi hawajafuzu.

Msomaji wa Songea, Mbinga, Nyasa, Namtumbo au Tunduru, kijana mwenye futikamba anaweza kubisha hodi kwako mwaka huu au ujao, awe wa tegu, wa usubi au wa kifafa. Mkaribishe. Muulize kibali chake cha NIMR, atakionyesha. Muulize damu au picha ya kichwa chako itatunzwa wapi, nani ataiona, na majibu yatarudi lini kijijini. Una haki ya kukataa, na ukishakubali una haki ya kubadili mawazo katikati, bila kunyimwa matibabu hospitalini. Na kama nyumbani kwako yumo mwenye kifafa, usimsubiri mtafiti: mpeleke kliniki, maana dawa zipo.